Springi Inayoeleza Tetemeko

Springi ndefu ya chuma inalazwa kwenye sakafu ya simenti. Wanafunzi wawili wanaivuta, kila mmoja na ncha yake. Mmoja anachapa mkono pembeni mara moja. Nundu inazuka, inakimbia hadi kwa mwenzake aliyekaza mkono, kisha inarudi ikiwa imegeukia upande wa pili.

Somo hili la fizika hufundishwa duniani kote. Kwa mtoto wa Ndosho, mtaa wa jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, ulioko kwenye barabara ya kwenda Sake, lina uzito wa pekee, kwa kuwa ardhi anayoikanyaga hupitisha mawimbi ya aina hiyohiyo.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo, jirani na Goma, ililipuka. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi, kuta zikapasuka, na tarehe 27 wakuu wa mkoa wakaamuru sehemu kubwa ya jiji ihamwe. Maelfu ya watu walishika njia ya Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda.

Turudi kwenye springi: ni nini hasa kinachosafiri ndani yake? Funga kitambaa chekundu kwenye pete moja ya katikati. Nundu ikipita, kitambaa kinaruka pembeni, kisha kinarudi palepale kilipokuwa. Waya haukuhama; kilichopita ni nishati.

Sasa ncha isichapwe pembeni, bali isukumwe mbele ghafla na kurudishwa. Nundu haionekani tena. Pete zinabanana, zinaachiana, na mbano huo unakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Sauti nayo hupita hewani kwa mtindo huo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kasi. Mkono ukichapwa kwa nguvu, nundu inakuwa kubwa, lakini haifiki mapema. Kinachobadilisha kasi ni springi yenyewe: ikivutwa zaidi, wimbi linakwenda mbio zaidi. Saa ya simu inatosha kuipima. Nundu iachwe iende na kurudi mara kadhaa, kisha muda wote ugawanywe kwa idadi ya safari. Kwa springi laini iliyovutwa sana, jibu linavutia: hata ikirefushwa, muda wa safari moja haubadiliki sana, kwa sababu njia imeongezeka na kasi imeongezeka pamoja nayo. Tahadhari ni moja: ncha ya springi iliyovutwa isiachiliwe ovyo, maana inaweza kumjeruhi mtu usoni.

Tetemeko hutoa mawimbi yote mawili kwa pamoja. Lile la kubana, linaloitwa wimbi la P, hupita kwenye miamba ya juu ya dunia kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Lile la kutikisa pembeni, wimbi la S, hupita kwa takriban kilomita 3.5. Ndiyo maana mtu aliye mbali kidogo na chanzo husikia mshtuko mfupi kwanza, halafu nyumba ikayumba. Wimbi la S halipiti kwenye kimiminika. Nayo dunia ina kimiminika ndani: mwaka 1926 Harold Jeffreys wa Uingereza alionyesha kwamba kiini chake kina sehemu iliyoyeyuka.

Pengo la muda kati ya mawimbi ya P na S ni kipimo cha umbali. Kila sekunde moja ya kuchelewa kwa S ni sawa na kilomita 8 hivi: sekunde 5 ni kilomita 40. Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, kina vipima-tetemeko kuzunguka volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Kipima-tetemeko kimoja hutoa umbali bila kutaja upande, kwa hiyo huhitajika vituo vitatu. Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu hiyo kwa ramani ya Kivu na bikari: duara moja kwa kila kituo, na zote tatu zinapokutana, hapo ndipo tetemeko lilipoanzia.