Je, Wajua? Sashe ya plastiki imekatazwa Kongo nzima

Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza na hata kuitumia. Jirani zetu Rwanda walitangulia mwaka 2008.

Sisi wa Kasongo tuna desturi ya kuanzia: mawese tunayafuata na bidoni au chupa zetu. Basi na mchele uende hivyo hivyo. Mama muuzaji hujaza kopo mpaka kichuguu kisimame juu yake. Mwombe aumimine moja kwa moja kwenye sufuria yako yenye mfuniko, au kwenye kitunga kilichotandikwa kitambaa safi. Kwa sombe na ndizi, kitunga kisicho na kitambaa kinatosha. Sashe ikitupwa huziba mitaro, na mvua za huku mnazijua.