Nani Ashindane na Nani? Haki ya Madaraja katika Mbio za Baiskeli za Mtandaoni

Anayeendesha baiskeli kutoka Kitengela kwenda Kajiado, nchini Kenya, kupitia Isinya hugawana lami na malori ya mizigo yanayoelekea Namanga. Mashindano ya mtandaoni yanampa njia nyingine. Anafunga baiskeli kwenye mashine ya mazoezi nyumbani, mashine inapima nguvu za miguu yake kwa wati, na programu kama Zwift au MyWhoosh inazigeuza kuwa mwendo kwenye skrini, ubavuni mwa washindani wa mabara mengine. Tangu mwaka 2020, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, limekuwa likiandaa ubingwa wa dunia wa mbio hizi. Bingwa wa kwanza upande wa wanawake alitoka Afrika: Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Lakini mbio hazina ladha kama washindani hawakupangwa kwa haki. Kwa miaka mingi Zwift iligawa watu kwa wati kwa kila kilo ya mwili. Daraja A lilianzia wati 4.0, B likaanzia 3.2, C likaanzia 2.5, na waliobaki wakaingia D. Mlimani kipimo hiki kina mantiki, kwa kuwa pale kila mtu anabeba uzito wake mwenyewe.

Kwenye tambarare hesabu inabadilika. Chukua mwanamke wa kilo 58 na mwanamume wa kilo 90, wote wakiwa na wati 3.1 kwa kilo. Wote wako daraja C. Mwanamke anatoa wati 180, mwanamume 279. Katika njia isiyo na mlima, adui mkubwa ni upepo, na programu inauiga upepo huo. Mwili mkubwa huzuiwa na upepo zaidi, ila kizuizi hicho hakiongezeki kwa kasi ya nguvu zake. Mwanamke ataachwa nyuma, ingawa karatasi inasema wako sawa. Hivyo ndivyo kipimo hiki kinavyowaumiza watu wepesi, na wanawake wengi wamo.

Mipaka hiyo pia inakaribisha hila. Mwenye wati 240 na kilo 75 yuko kwenye 3.2, yaani daraja B. Akiandika kilo 77, anashuka hadi C na kuanza kuwavuna wanyonge. Mwingine habadilishi chochote kwenye fomu. Anaendesha kwa kujizuia, asivuke mpaka, kisha anafyatuka mita za mwisho. Huo ni wizi wa ushindi, na anayeibiwa ni yule aliyefanya mazoezi kwa uaminifu.

Kuna pia suala la mwinuko. Kitengela iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado iko juu zaidi. Shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 tu ya lile la Mombasa, hivyo mapafu hupata oksijeni kidogo na wati hupungua. Barabarani hewa hiyo nyepesi hufidia, kwa sababu upepo nao unapungua nguvu. Kwenye mashine fidia hiyo haipo. Aliyepimwa Kitengela na kushindania Kitengela hadhulumiwi na daraja, maana wati zake zilizopungua ndizo zilizompanga. Anayedhulumiwa ni aliyepimwa Mombasa kisha akahamia Kitengela, na pia yeyote anayegombea nafasi ya timu inayochagua kwa kulinganisha wati za watu wa miinuko tofauti.

Njia bora ni kupanga watu kwa matokeo yao. Wachezaji wa chesi wamefanya hivyo kwa miongo mingi kupitia mfumo wa Arpad Elo, ulioanza kutumiwa na shirikisho lao la dunia mwaka 1970. Ukimshinda mwenye alama nyingi kuliko zako, unapanda sana. Ukimshinda aliye chini yako, unapanda kidogo. Mwaka 2024 Zwift nayo ilileta alama za mashindano, kuanzia 0 hadi 1,000. Anayeanza hukadiriwa kwa nguvu zake, kisha matokeo yanamsogeza. Mfumo huu haujali kama umeshinda kwa wepesi, kwa misuli au kwa akili ya kujificha nyuma ya wenzako. Unajali umemaliza mbele ya nani.

Hata hivyo, anayepoteza kwa makusudi anaweza kuudanganya. Kwa hiyo wati zibaki kama sakafu: aliyewahi kuonyesha nguvu kubwa karibuni asiruhusiwe kushuka chini ya kiwango fulani hata akishindwa mara ngapi.

Klabu za Kitengela na Kajiado zinazotaka kuandaa mbio zao zinaweza kuanza na mambo manne. Pimeni kila mshindani kwenye mizani moja, mbele ya wenzake. Changanyeni njia za mlima na za tambarare ndani ya msimu mmoja, ili mwili wa aina moja usipendelewe. Umeme au intaneti ikimkatikia mtu katikati ya mbio, msimpunguzie alama. Na kanuni zote zitangazwe kabla ya mbio za kwanza. Aliyeshika nafasi ya kumi katika mbio za namna hiyo atajua kwamba kumi ni yake kweli, na msimu ujao atakuwa na sababu ya kuitafuta ya tisa.