Kikombe cha Mtoto: Chenye Mdomo, cha Mrija, au cha Kawaida?



Siku ya mshahara, nje ya lango la kiwanda na kwenye gulio lililo kando ya shamba, wachuuzi hutandika bidhaa zao chini. Kati ya ndala, sufuria na mitumba, utaona vikombe vya plastiki vya watoto, vyekundu na vya manjano, vyenye picha za wanyama, vishikio viwili na vifuniko vya kila namna. Mchuuzi atakuambia kwamba hiki ni cha kisasa, hakimwagi hata ukikipindua, na mtoto atajinywesha mwenyewe. Mama aliyekuwa akichuma chai tangu alfajiri, au baba anayetoka zamu ya usiku, akisikia neno hilo "atajinywesha mwenyewe" hutoa fedha upesi. Si ajabu, kwani mtu aliyechoka hununua chochote kinachoahidi kumpumzisha.

Makala hii inaeleza jinsi vikombe hivyo vinavyofanya kazi na kipi kinafaa kwa mtoto wa umri gani. Inaeleza pia kwa nini jambo hili, linaloonekana kuwa la jikoni tu, lafaa kuzungumzwa katika mikutano ya matawi yetu.

VIKOMBE VYENYEWE

Aina ya kwanza ni kikombe chenye mdomo. Kifuniko chake kimechomoza mdomo mfupi kama wa birika, ambao mtoto huutia kinywani. Ndani ya vingi mna vali, yaani kizibo kidogo cha mpira kinachofunguka pale tu mtoto anapofyonza. Vikombe visivyomwagika vya namna hii vilienezwa kutoka Marekani. Mhandisi mmoja wa huko, Richard Belanger, alichoshwa na kufuta vinywaji alivyokuwa akimwaga mwanawe nyumbani, na katika miaka ya 1980 akabuni kikombe chenye vali. Baadaye kampuni ya Playtex ikachukua ubunifu wake. Tazama vema sababu hiyo. Kinywa cha mtoto hakikuwa na shida yoyote; shida ilikuwa ya sakafu. Katika nyumba zetu za kambini, ambako maji yakimwagika hufagiwa nje kwa mara moja, faida hiyo ni ndogo kuliko mchuuzi anavyodai.

Aina ya pili ni kikombe cha mrija. Nacho kina kifuniko, ila badala ya mdomo mgumu una mrija, mara nyingi wa mpira laini, unaofika hadi chini ya kikombe. Vingine vina vali pia.

Aina ya tatu haina tangazo. Ni kikombe cha kawaida kilicho wazi, cha bati, cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki, kidogo kiasi cha kushikwa na mikono ya mtoto.

KINYWA KINAVYOJIFUNZA

Mtoto mchanga anaponyonya, ulimi wake huenda mbele na nyuma. Akikua anapaswa kujifunza kumeza kwa namna nyingine: midomo ifungwe, ncha ya ulimi ipande juu nyuma ya meno ya mbele, kisha kinywaji kipelekwe kooni. Namna hiyo ndiyo inayomwezesha kula chakula kigumu vizuri.

Mdomo mgumu wa kikombe hukaa juu ya ulimi na kuuzuia usipande, kwa hiyo mtoto huendelea kunyonya kama anavyonyonya chupa. Ndiyo maana wataalamu wengi wa matamshi na ulaji wa watoto hupendelea kikombe cha wazi, au cha mrija, kuliko chenye mdomo. Mtoto anayevuta kwa mrija hana budi kukaza midomo na mashavu, nayo ni mazoezi mema. Hata hivyo mrija usiingizwe mbali kinywani. Ukifika katikati ya ulimi, mtoto atanyonya kama kawaida na faida itapotea. Ncha ipite midomo kidogo tu.

Hatusemi kwamba mtoto aliyetumia kikombe chenye mdomo atakuwa na kigugumizi. Mamilioni wamevitumia na wanasema vizuri tu. Kikombe hicho ni kama gongo la safari: lafaa kwa muda mfupi, kama wakati wa kusafiri kwa basi, lakini si kitu cha kushikwa kutwa nzima kwa miaka miwili.

Kushikwa kutwa nzima kuna madhara mengine. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya watoto wa chini ya miaka 3 waliofikishwa hospitali kwa dharura katika miaka 20, kuanzia 1991 hadi 2010, kwa sababu ya majeraha yaliyohusu chupa, chuchu bandia na vikombe vya mdomo. Walikadiriwa kuwa zaidi ya 45,000. Wengi wao walianguka wakiwa na kitu hicho kinywani, wakapasuka midomo au kuumia meno na kaakaa. Mrija mgumu una hatari hiyo hiyo. Mtoto na anywe akiwa ameketi, kisha kikombe kiwekwe.

USAFI

Hapa ndipo vikombe vya dukani vinapotushinda, nasi tunasema hivyo bila kuzunguka. Vali ina pembe na mikunjo ambamo maziwa hubaki. Mrija ni bomba jembamba lisiloonekana ndani. Maziwa au uji ukikaa humo kwa joto la mchana, vijidudu huzaliana na ukungu huota. Mwaka 2016 huko Marekani vikombe zaidi ya milioni 3 vya Tommee Tippee vilirudishwa kwa sababu ukungu uliota ndani ya vali, na hao ni watu wenye maji ya moto bombani.

Sasa fikiria kambi ambayo nyumba kumi zinategemea bomba moja, na mama anarudi saa kumi na mbili jioni. Kikombe chenye vali chataka kufunguliwa kila kipande, kisuguliwe kwa sabuni na brashi nyembamba, kisuuzwe kwa maji safi na kukaushwa, kila kinapotumiwa. Nani atafanya hivyo mara nne kwa siku? Kikombe cha wazi huoshwa kwa sabuni na maji kwa dakika moja, na uchafu ukibaki unaonekana kwa macho. Kwa nyumba isiyo na maji ya kutosha, kuhara kwa mtoto ni hatari kubwa kuliko maji kumwagika kifuani.

Kuna pia suala la plastiki yenyewe. Kemikali iitwayo BPA, iliyokuwa katika plastiki ngumu inayong'aa, ilipigwa marufuku katika chupa za watoto katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2011, na mwaka 2012 Marekani ikaizuia katika chupa na vikombe vya watoto. Kikombe kisicho na maandishi wala jina la mtengenezaji hakikuambii kimetengenezwa kwa kitu gani. Ukiwa na shaka, chagua chuma kisichoshika kutu.

UJI MWEPESI

Jambo hili halisemwi na mchuuzi, nalo kwetu ni zito kuliko yote. Uji unaolisha haupiti katika tundu la mdomo wala katika mrija. Basi mlezi huuongeza maji mpaka upite. Mtoto anamaliza kikombe, tumbo limejaa, kila mtu ameridhika, kumbe alichokunywa ni maji yenye rangi ya unga. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Likijazwa maji halina nafasi ya chakula. Siku zikipita mtoto huyo hudhoofu, na wazazi hushangaa kwa kuwa "anakunywa uji vizuri."

Uji wa mtoto uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kutiririka, utiwe maziwa, karanga zilizosagwa, dagaa waliopondwa au mafuta kidogo, naye alishwe kwa kijiko na bakuli. Kikombe ni cha maji ya kunywa na maziwa.

Kuhusu chai, tunajua kwamba katika mashamba ya chai hakuna kinachopatikana kwa urahisi kama chai. Lakini chai humzuia mtoto kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na upungufu wake huleta upungufu wa damu. Sukari nayo, ikinywewa kidogo kidogo kutwa nzima kwa kikombe cha mdomo au cha mrija, huoza meno ya mbele hata kabla mengine hayajaota. Soda na maji ya matunda ya paketi ni hivyo hivyo. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe kabisa maji ya matunda kabla ya kutimiza mwaka 1. Na usimlaze mtoto na kikombe cha kitu kitamu kinywani.

UMRI

Kabla ya miezi 6 mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama, wala maji. Akitimiza miezi 6 na kuweza kuketi, huanza kujifunza kikombe cha wazi kwa maji kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha kikombe. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha polepole, umwache avute mwenyewe. Usimmiminie. Atamwaga, naam, ndiyo karo ya masomo hayo. Kuanzia miezi 9 hivi wengi huweza kuvuta kwa mrija. Anayenyonya chupa aachishwe kati ya miezi 12 na 18. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Lakini mama mfanyakazi atauliza: mnasema miezi 6 ya kunyonyesha tu, nami likizo yangu imekwisha mtoto akiwa na miezi michache. Swali ni la haki. Uganda, kwa mfano, sheria ya kazi ya mwaka 2006 inatoa siku 60 za kazi. Huyo anaweza kukamua maziwa kwa mikono safi na kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali pa kivuli na pa baridi, joto lisipozidi digrii 25, hukaa kwa muda wa saa 4. Mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo cha wazi, mtoto akiwa ameinuliwa, maziwa yaguse tu midomo naye ayalambe. Hata watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati hunyweshwa hivyo hospitalini. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mpango wao wa hospitali rafiki kwa watoto ulioanzishwa mwaka 1991, wamesisitiza kikombe badala ya chupa, kwa sababu hizo hizo za usafi.

KITUO CHA WATOTO NA TAWI

Mlezi mmoja akiachiwa watoto ishirini hawezi kumshikia kila mmoja kikombe. Atataka chupa, au kikombe kisichomwagika, awape na kuendelea na mwingine. Tusimlaumu, naye ni mfanyakazi. Hapo kikombe chenye vali kinafanya kazi ya mlezi wa pili ambaye mwajiri hakutaka kumwajiri. Kwa hiyo tawi likizungumzia kituo cha watoto, lisidai vikombe tu. Lidai walezi wa kutosha, maji ya bomba ndani ya kituo, sabuni, jiko la kuchemshia maji, na mahali pa kivuli pa mama kunyonyeshea.

Nchi jirani zimekwisha kutangulia katika baadhi ya mambo haya. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, mama huruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha katika muda wa kazi. Kenya, sheria ya afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Rwanda, sheria ya mwaka 2018 yatoa saa 1 kwa siku kwa miezi 12 tangu mama arudi kazini, na baadhi ya mashamba ya chai huko yana vituo vya malezi karibu na wachumaji. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 2000, unataja likizo isiyopungua wiki 14 pamoja na mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa muda wa kazi na kulipwa. Sheria iliyo kwenye karatasi haimfikii mchumaji aliye ngwe ya mbali na kituo, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Kwa hiyo katika mazungumzo na mwajiri ulizeni pia umbali, na nani atapangiwa ngwe za karibu.

KWA ALIYEKWISHA KUNUNUA

Usitupe kikombe chako. Kama ni cha mdomo, toa vali ndani, ili kinywaji kitoke kwa kuinamisha tu bila kufyonza, nacho kitakuwa karibu na kikombe cha wazi. Kama ni cha mrija, mfundishe hivi: chovya mrija katika maji, ziba tundu la juu kwa kidole, tia ncha ya chini kati ya midomo ya mtoto, kisha achia kidole ili tone liingie. Akifunga midomo kutafuta tone jingine, shusha mrija kidogo ndani ya kikombe naye avute. Rudia mara chache kila siku, kwa maji tu mpaka azoee. Mrija wa mpira ukianza kupasuka au kubadilika rangi ndani, uutupe, na kikombe chake kitumike bila kifuniko.