TP Mazembe: Klabu iliyobaki Katanga ilipogawanywa

Kalemie, DRC. Katikati ya mwaka 2015, jimbo la Katanga lilifutwa kwenye ramani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Likagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Novemba 8 ya mwaka huohuo, TP Mazembe ya Lubumbashi iliifunga USM Alger ya Algeria mabao 2-0 na kutwaa ubingwa wa klabu Afrika kwa mara ya tano.

Jimbo lilikufa, klabu ikapanda kileleni.

Kwa mkazi wa Bendera, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Bendera iko kaskazini mwa Kalemie, kwenye barabara ya kuelekea Fizi, na inajulikana zaidi kwa kituo cha umeme wa maji cha mto Kyimbi, ambacho ndicho kinachoipatia Kalemie umeme. Kutoka huko hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 600. Zamani ulikuwa mji mkuu wa jimbo lake. Leo ni mji wa jimbo la watu wengine. Kilichobaki kuziunganisha pande hizo mbili ni lugha ya Kiswahili, reli iliyochakaa inayopita Kabalo na Kamina, na timu ya jezi nyeusi na nyeupe.

Swali ni moja: klabu inawezaje kubeba jina la eneo ambalo serikali imeligawa, na ambalo hata kabla ya hapo halikuwahi kuwa kitu kimoja?

Hispania ina mfano wake. Huko klabu za mikoa hubeba mambo mazito kuliko soka. Barcelona ni sauti ya Wakatalunya. Athletic Club ya Bilbao, iliyoanzishwa mwaka 1898, mpaka leo huchezesha wachezaji waliozaliwa au kulelewa kisoka katika nchi ya Wabaski pekee. Mazembe nayo imebeba Katanga mabegani, lakini kwa njia tofauti kabisa na ile ya Bilbao.

Ilianza kwa watawa

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa shirika la Benediktini waliokuwa wakiendesha shule ya Mtakatifu Bonifasi mjini Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Lengo lilikuwa kuwapa wanafunzi burudani ya kuwashughulisha. Timu ikaitwa Saint-Georges, na mwaka 1944 ikabadilishwa kuwa Saint-Paul.

Baadaye wachezaji wasiokuwa wanafunzi waliingia, wamisionari wakajitoa, na timu ikachukua jina la kampuni ya matairi iliyoidhamini: Englebert. Mwaka huohuo wa 1939 ndipo ilipozaliwa pia FC Saint-Éloi Lupopo, timu ya wafanyakazi wa reli. Tangu hapo Lubumbashi ina nyumba mbili, na siku ya mechi yao mji hugawanyika.

Kaskazini iliyokataa

Julai 11, 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga. Lakini si Katanga yote iliyomfuata. Waluba wengi wa kaskazini, kupitia chama cha Balubakat kilichoongozwa na Jason Sendwe, walikataa. Manono na Kabalo zikageuka uwanja wa mapigano, hadi majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipozima jaribio hilo Januari 1963.

Kaskazini haikupata utulivu. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, na Sendwe akauawa. Juni 1965 ikawa zamu ya Bendera yenyewe. Wapiganaji wa Kongo na Rwanda, pamoja na Wacuba waliokuja na Ernesto Che Guevara, walishambulia kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha umeme. Shambulio hilo lilishindwa.

Ni katika nchi hiyo yenye majeraha mabichi ndipo Englebert ilipoanza kutamba. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga kwa mpigo. Hapo ndipo ilipojiongezea maneno ya Kifaransa "Tout Puissant", yaani yenye nguvu zote. Ndiyo hiyo "TP" ya mpaka leo.

Mwaka 1967 ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi zote mbili zilimalizika kwa sare, 1-1 na 2-2. Kotoko haikutokea kwenye mechi ya kuamua mshindi, na Englebert ikapewa kombe. Mwaka uliofuata iliifunga Étoile Filante ya Togo kwa jumla ya mabao 6-4, ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa huo. Ilirudi fainali mwaka 1969 na 1970, lakini ikapoteza kwa Ismaily ya Misri na kisha kwa Kotoko. Fainali nne mfululizo.

Kipa wake, Kazadi Mwamba, ndiye aliyekuwa langoni mwa Zaire kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974 nchini Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Jangwa la Sahara kushiriki mashindano hayo.

Miaka ya ukame

Mwaka 1980 Mazembe ilitwaa Kombe la Washindi Afrika kwa kuifunga Africa Sports ya Ivory Coast. Kisha ukame ukaanza. Baada ya ubingwa wa taifa wa mwaka 1987, mashabiki walisubiri hadi mwaka 2000 kuuona mwingine.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Katanga nzima ilianguka. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines, kampuni ya shaba iliyokuwa ikilisha jimbo, ikapoteza nguvu. Mapema miaka ya 1990, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa madai kwamba si wenyeji. Halafu vikaja vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998.

Mwaka 1997 uongozi wa klabu ulichukuliwa na Moïse Katumbi, mfanyabiashara ambaye familia yake ilijulikana kwa biashara ya samaki wa Ziwa Mweru. Alileta fedha, nidhamu na mipango. Kuanzia 2007 alikuwa pia gavana wa Katanga. Mwaka 2009 Mazembe iliitoa Heartland ya Nigeria katika fainali kwa faida ya bao la ugenini, na kombe likarudi Lubumbashi baada ya miaka 41. Mwaka 2010 iliikandika Espérance ya Tunisia mabao 5-0 nyumbani, kabla ya sare ya 1-1 ugenini.

Desemba ya mwaka huo ndipo dunia ilipoijua. Katika Kombe la Dunia la Klabu mjini Abu Dhabi, timu ya kocha Msenegali Lamine N'Diaye iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Kipa Robert Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka uwanjani akiwa ameketi, na picha hizo zikazunguka dunia. Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali, lakini ilikuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika hapo.

Mlango ulio wazi

Mwaka uliofuata ulikuja na funzo. Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam kwenye Ligi ya Mabingwa, lakini Wekundu wa Msimbazi walilalamika kwamba beki Janvier Bokungu hakustahili kucheza. CAF ilikubali, na bingwa mtetezi akaondolewa mashindanoni.

Mazembe haikununa. Mwaka huohuo ilimsajili mshambuliaji wa Simba, Mbwana Samatta, na Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu. Vijana hao walifika katika mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mitaani, japo chenye ladha yake ya Kikongo.

Mwaka 2015 Samatta alifunga mabao saba kwenye Ligi ya Mabingwa, yakiwemo mawili ya penalti katika fainali, moja Algiers na jingine Lubumbashi. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kupata heshima hiyo, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji.

Alicheza pamoja na Mzambia Rainford Kalaba, Mghana Solomon Asante na Roger Assalé wa Ivory Coast. Hapo ndipo Mazembe inapoachana na Bilbao. Jimbo lilelile lililowafukuza majirani kwa sababu ya asili yao limeipenda kwa moyo wote timu ambayo haimuulizi mtu kwao ni wapi. Ndiyo maana hata mtu wa kaskazini, ambaye babu yake alikataa Katanga ya Tshombe, anaweza kuishangilia bila kujiona amesaliti upande wake.

Baada ya tajiri

Lakini bendera hufuata upepo, na klabu inayomtegemea mtu mmoja hutikisika mtu huyo akitikiswa. Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kuachana na Rais Joseph Kabila. Mwaka 2016 aliondoka nchini, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu akiwa hayupo, na hakurejea Lubumbashi hadi Mei 2019.

Wengi wangetarajia klabu ianguke. Kinyume chake, ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 kwa kuifunga MO Béjaïa ya Algeria, na ikalitetea mwaka 2017 dhidi ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Kocha wa mwaka huo wa pili alikuwa Pamphile Mihayo, mchezaji wake wa zamani.

Tangu hapo ubingwa wa Afrika haujarudi. Mwaka 2023 Yanga iliifunga Mazembe nyumbani na ugenini katika Kombe la Shirikisho. Mwaka huohuo Katumbi aligombea urais na kushika nafasi ya pili nyuma ya Félix Tshisekedi. Kila anaposimama jukwaani, jina la klabu husimama naye, atake asitake.

Miaka ile miwili ya makombe bila mwenyekiti nyumbani inaonyesha kwamba Mazembe inaweza kusimama kwa miguu yake. Haijathibitisha kwamba inaweza kufanya hivyo bila mfuko wake, na mtihani huo bado uko mbele. Bilbao imelindwa na wanachama wake kwa zaidi ya karne moja. Mazembe, ambayo imekwisha kuliona jimbo lake likitoweka, bado ina mlezi mmoja.