Picha ya kifua pekee haitoshi mtoto akishukiwa kuwa na korona

MTOTO anapopatwa na homa na kukohoa kwa siku mbili tatu, wazazi wengi hudai jambo moja mara wafikapo hospitalini: apigwe picha ya kifua. Desturi hii ilipata nguvu wakati wa janga la korona, ambapo televisheni na magazeti yalionyesha picha za mapafu yenye madoa meupe. Tangu hapo wapo wanaoamini kwamba picha ikiwa safi mtoto ni mzima, na ikiwa na doa basi ana korona.

Imani zote mbili si za kweli, na ile ya kwanza yaweza kugharimu maisha ya mtoto.

Ni kweli kwamba mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa korona si dharura ya kimataifa tena. Hata hivyo, virusi vyenyewe havikutoweka. Vingali vinaambukiza watu, wakubwa kwa wadogo, pamoja na virusi vingine vinavyoshambulia njia ya hewa. Kwa hivyo ni vyema kila mzazi aelewe jinsi ugonjwa huu unavyojitokeza kwa mtoto, na picha ya kifua inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini.

Dalili zake

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza katika mji wa Wuhan, nchini China, Desemba 2019. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, 2020. Tangu mwanzo madaktari waliona kwamba watoto wengi huugua kwa nafuu kuliko watu wazima.

Mtoto aliyeambukizwa huweza kuwa na homa, kikohozi, mafua, maumivu ya koo, kuumwa na kichwa na uchovu. Wengine hutapika au kuharisha. Watoto wakubwa huweza kulalamika kwamba hawasikii harufu wala ladha ya chakula. Mtoto mchanga, ambaye hawezi kueleza lolote, huenda akawa na homa tu na kukataa kunyonya.

Tatizo ni kwamba dalili hizi ni za magonjwa mengi. Katika sehemu zenye mbu wa malaria, homa na kutapika huweza kuwa malaria, na mtoto lazima apimwe damu hata kama jirani yake ana korona.

Mapema mwaka 2020, madaktari wa hospitali ya watoto ya Wuhan walieleza habari za watoto 171 waliothibitishwa kuwa na virusi hivyo. Kati yao 83 walikuwa na kikohozi na 71 walikuwa na homa. Hii ina maana kwamba zaidi ya nusu hawakuwa na homa wakati wowote wa ugonjwa wao. Watoto 27 hawakuwa na dalili yoyote, wala picha zao hazikuonyesha nimonia. Wengine 12 hawakuwa na dalili, lakini picha zao zilionyesha nimonia. Watatu walizidiwa hadi wakahitaji mashine ya kuwasaidia kupumua, na wote watatu walikuwa na maradhi mengine tangu awali.

Hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba dalili na picha haziendi sambamba kila mara. Mtoto anayecheza huweza kuwa na madoa katika mapafu, na aliyelala hoi huweza kuwa na picha safi.

Picha huonyesha nini?

Miale ya eksirei iligunduliwa na mwanasayansi Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, mwaka 1895. Miale hii hupita kwa urahisi mahali penye hewa na huzuiwa na vitu vizito kama mifupa. Ndiyo sababu mapafu yenye afya, ambayo yamejaa hewa, huonekana meusi katika picha, ilhali mbavu na moyo huonekana vyeupe. Pafu likijaa maji au usaha, sehemu hiyo huwa nyeupe.

Kwa mtu mzima aliyelemewa na korona, weupe huo mara nyingi huonekana katika mapafu yote mawili, hasa sehemu za chini na za pembeni. Unafanana na kioo cha dirisha kilichofunikwa na ukungu. Kwa watoto mambo ni tofauti. Wengi wao picha huwa safi kabisa. Wengine huonyesha mistari minene inayotoka karibu na moyo kuelekea pembeni, ishara kwamba mirija ya hewa imevimba. Wachache huwa na ukungu ule wa watu wazima.

Lakini hakuna hata moja kati ya alama hizi ambayo ni ya korona peke yake. Virusi vya mafua huleta kivuli kama hicho. Hali kadhalika virusi viitwavyo RSV, ambavyo watafiti wa Kilifi wamevichunguza kwa miaka mingi na kuona kwamba huwalaza hospitalini watoto wachanga wengi kwa nimonia.

Aidha, kumpiga picha mtoto mdogo si kazi rahisi. Akilia na kutoa pumzi wakati ule ule mashine inapopiga, mapafu huonekana meupe kuliko yalivyo. Mtoto mchanga pia ana tezi kubwa kifuani, juu ya moyo, iitwayo thaimasi. Kivuli chake huweza kudhaniwa kuwa nimonia na mtu asiyezoea kusoma picha za watoto.

Wazazi wengine huuliza: je, si afadhali mtoto apelekwe kwenye ile mashine kubwa ya CT? Ni kweli kwamba mashine hiyo huona madogo yasiyoonekana kwenye eksirei ya kawaida. Lakini hutumia mionzi mingi zaidi, na mwili wa mtoto unaokua huathirika na mionzi kwa urahisi. Tena mtoto hutakiwa kutulia tuli, na mara nyingine hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Machi 2020 chama cha wataalamu wa picha za matibabu cha Marekani kilishauri kwamba mashine hiyo isitumiwe kama kipimo cha kwanza cha kutambua korona. Baadaye mwaka huo WHO nayo ilishauri kwamba picha za kifua zisitumiwe kutambua ugonjwa huo mahali ambapo kipimo cha maabara kinapatikana kwa wakati.

Kinachothibitisha korona ni kipimo cha ute unaotolewa puani au kooni.

Hesabu pumzi

Ikiwa picha haitoshi, mzazi atajuaje kwamba mtoto wake yumo hatarini? Jibu ni kumtazama anavyopumua. Kipimo hiki hakihitaji pesa, na ndicho wauguzi wa zahanati hufundishwa.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Fungua nguo yake ili kifua na tumbo vionekane. Kisha tumia saa yenye mshale wa sekunde, au simu, na uhesabu mara ambazo kifua kinainuka kwa dakika moja nzima. Mtoto anapumua kwa kasi mno ikiwa hesabu ni:

60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi miwili;

50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja;

40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano.

Akifikia hesabu hizo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Zipo dalili nyingine ambazo hazingoji hata saa moja. Hizi ni sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta pumzi, kukoroma au kuguna anapopumua, midomo au ulimi kugeuka rangi ya samawati, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupatwa na kifafa cha homa, au kulegea na kuwa mgumu wa kuamsha. Mtoto wa namna hii huenda akahitaji oksijeni. Hospitalini atabanwa kidoleni kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu. Kifaa hicho humwambia daktari upesi kama mtoto yumo hatarini, hata kabla ya picha kupigwa.

Wakati picha inapohitajika

Haya yote hayana maana kwamba eksirei haina kazi. Daktari ataiagiza iwapo mtoto amezidiwa, iwapo hapati nafuu baada ya siku mbili za matibabu, au iwapo anashuku kuna maji au usaha kando ya pafu. Ataiagiza pia ikiwa kikohozi kilianza ghafla mtoto akila karanga au akichezea shanga, kwa kuwa huenda ameivuta ikaingia kwenye njia ya hewa.

Mtoto aliyekohoa zaidi ya majuma mawili, anayekonda, au anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu, naye huhitaji kuchunguzwa kwa makini. Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hawapaswi kucheleweshwa wanapopata homa na maumivu ya kifua.

Majuma machache baadaye

Mwezi Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa onyo kuhusu watoto waliozidiwa ghafla, ambao wengine wao hawakuwa wameonekana kuugua korona. Ni hali adimu inayozuka majuma mawili hadi sita baada ya maambukizi, pale kinga ya mwili inapowaka na kushambulia viungo mbalimbali, moyo ukiwemo.

Mtoto huwa na homa kali kwa siku kadhaa, macho mekundu, vipele, maumivu makali ya tumbo, kutapika au kuharisha. Picha ya kifua mwanzoni huweza kuwa safi. Mzazi akiona dalili hizi, na amweleze daktari kama mtoto, au mtu yeyote nyumbani, alikuwa na mafua au korona majuma yaliyopita. Ikigunduliwa mapema hutibika.

La kufanya nyumbani

Mtoto asiye na dalili za hatari huweza kuuguzwa nyumbani. Endelea kumnyonyesha au kumpa vinywaji mara kwa mara. Mpe parasetamoli kulingana na uzani wake, wala usimpe aspirini. Dawa za kuua bakteria hazifai kitu kwa virusi, hivyo usizinunue bila ushauri wa daktari. Usimfukize kwa maji yanayochemka, kwani watoto wameungua vibaya kwa njia hiyo. Mwondoe jikoni penye moshi wa kuni.

Hakikisha pia kwamba amepata chanjo zake zote. Ile ya kuzuia nimonia ya bakteria wa nyumokokasi imekuwa ikitolewa nchini tangu 2011, na humkinga dhidi ya ugonjwa ambao huua watoto wengi kuliko korona.

Na kama umekwisha kupewa picha na kuambiwa ni safi, usiifanye sababu ya kulala usingizi mzito. Picha ni ya dakika ile iliyopigwa. Usiku huo huo mfunue mtoto kifua, uhesabu pumzi zake tena.