Kibaha ilikabidhiwa, Litowa ilinyang'anywa

Ukitaja Pangani, wengi wanakimbilia Tanga, kwenye mto na bahari. Lakini iko Pangani nyingine, kata ya Kibaha Mjini, ambako viwanja vilivyopimwa vinazidi kula mashamba ya mihogo na mikorosho. Alfajiri, kabla jogoo wa mwisho hajanyamaza, mabasi ya njano yameshaanza kuzunguka. Mtoto wa chekechea, tai shingoni, analala kichwa kikigonga kioo.

Mwaka 2023 Serikali ilitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Tangu hapo shule ya kutwa imerudi kuwa mjadala wa wazazi. Wanaulizana kuhusu shule ndogo, iliyo karibu, ambako mwalimu anamjua mtoto kwa jina na mtoto anaruhusiwa kuuliza. Wengi wanaamini hilo ni jambo jipya, limekuja na ada za mamilioni. Si kweli. Tulikuwa nalo kabla ya Azimio la Arusha, na waliolianzisha walikuwa wakulima.

Shule hiyo ilikuwa Litowa, kijiji cha Ungoni kwenye barabara itokayo Songea kwenda Njombe. Kijiji chenyewe kilianzishwa na vijana wachache wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, karibu na siku za uhuru. Walianza vibaya, njaa ikawapiga, wengine wakaondoka; waliobaki wakajaribu tena. Mwaka 1963 wakaunda Ruvuma Development Association, RDA, umoja wa vijiji uliofikia vijiji 17. Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekuwa ametoka kwenye shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, akahamia hapo na mkewe Noreen na watoto wao, akawa mshauri. Mshauri, si bosi. Hilo ni muhimu, maana kijiji kiliamua mambo yake kikaoni.

Shule ikalelewa na tabia hiyohiyo. Mwalimu mkuu alikuwa Suleiman Toroka. Wadogo walisoma vijijini kwao na kurudi nyumbani. Wa madarasa ya juu kutoka vijiji vingine walikuja Litowa. Si kutwa kamili basi, lakini shule haikumtenga mtoto na kijiji, maana waliomzunguka walikuwa watu walewale aliowaona shambani na kwenye mikutano. Shamba la shule lilikuwa somo lenyewe. Tupande nini, tule au tuuze, fedha ikipatikana inunue nini: hayo watoto waliyajadili pamoja na walimu wao. Kate Wenner, binti wa Kimarekani aliyekaa nao, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Alikiita *Shamba Letu*. Neno la pili ndilo lililoibeba Litowa.

Mwalimu Nyerere aliifahamu Litowa na aliipenda. Machi 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya jamii na wanafunzi washiriki kupanga kazi zao, watu wa Litowa walikuwa wanasoma habari zao wenyewe. Kwingineko mambo yakawa mengine. Aliyesoma miaka iliyofuata anakumbuka kujitegemea ni nini: jembe begani, ndoo kichwani, na mchelewaji kupimiwa ngwe ya adhabu. Sijui wangapi kati yetu tuliwahi kuulizwa kipandwe nini. Tulichukua jembe la Litowa, kikao chake tukakiacha.

Sasa turudi Kibaha. Mwaka uleule wa 1963, hapa Tumbi, Sweden, Denmark, Norway na Finland zilianzisha na Tanganyika mradi mkubwa wa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Ikaja sekondari ya wavulana, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Ilikuwa kazi nzuri, na Pwani yote imefaidi. Jakaya Kikwete alisoma sekondari hapo kuanzia 1966 hadi 1969. Kinachonichekesha kidogo ni kwamba Denmark yenyewe, tangu katikati ya karne ya 19 na siku za mwalimu Kristen Kold, ina desturi ya shule ndogo huru zinazoendeshwa na wazazi. Kwetu ikasaidia kujenga shule kubwa ya bweni. Lakini ndiyo tuliyoihitaji wakati ule: nchi ilikuwa na kiu ya madaktari na wahandisi.

Januari 1970 nchi hizo zilikabidhi mradi kwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Miezi minne nyuma, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikuwa imeipiga RDA marufuku. Mali za umoja, pamoja na mashine ya kusaga nafaka ya Songea, zikachukuliwa. Ibbott akaondoka nchini. Walimu wa Litowa wakatawanywa. Wakulima hao hawakuwa wameupinga ujamaa, walikuwa wameutangulia. Kosa lao lilikuwa kuamua wenyewe, bila kusubiri afisa wa mkoa, na katika chama kilichotaka kushika kila kijiji hilo halikuvumilika. Nyerere, aliyewasifu, safari hii hakuwaokoa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia watu binafsi mlango mpana wa kuanzisha shule. Shule zimejaa, Kibaha zaidi. Ndogo zipo, za kutwa zipo, na huru kwa maana ya kutomilikiwa na Serikali zipo tele. Nyingi, hata hivyo, zinamwandaa mtoto kwa mtihani uleule kwa kukariri kulekule, tofauti ikiwa ni lugha ya kukariria na rangi ya sweta.

Kwa hiyo, mzazi wa Pangani unayejiandaa kwenda kuandikisha mtoto Januari: wakishakuonyesha matokeo ya darasa la saba na maabara ya kompyuta, omba kuona bustani ya shule. Kisha muulize mtoto yeyote atakayepita hapo, bila mwalimu kumjibia: nani aliamua mpande hiki?