Majina ya Mitaa Yetu ni Kitabu Tusichokisoma

Mwulize mwanafunzi hodari wa sekondari huko Makadara ni nani aliyelipa Ziwa Turkana jina la Rudolf. Aghalabu atakujibu bila kusita: ni Count Teleki, mpelelezi kutoka Hungaria, aliyefika huko mwaka wa 1888 na kuliita ziwa kwa jina la mwana wa mfalme wake. Huenda hata akaongeza kwamba jina hilo lilifutwa mwaka wa 1975, ilhali bonde la Teleki lingali katika Mlima Kenya. Sasa mwulize mwanafunzi huyo huyo Mbotela alikuwa nani. Ataduwaa, hata kama amezaliwa na kulelewa katika mtaa wa Mbotela.

Si kosa lake. Ni kosa letu sisi tunaomfundisha. Mitaa ya Eastlands ni kitabu kizima cha historia ya Kenya, nasi tunakikanyaga kila siku tukienda kazini.

Tuchukue Kariokor. Wengi hudhani ni neno la sokoni tu. Kumbe ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ndimi zetu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waafrika kwa maelfu walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na vyakula vya jeshi la Waingereza hadi ndani ya Tanganyika. Malaria, kuhara damu na njaa viliwaua wengi kuliko bunduki. Kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoacha jina hilo, kama vile kambi ya Dar es Salaam ilivyoacha Kariakoo. Wengi wa wafu hao hawana kaburi linalojulikana. Ilipofika mwaka wa 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipoomba radhi kwa kutowakumbuka ipasavyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, jina la soko limewawekea kumbukumbu ambayo dola kubwa ilishindwa kuwawekea.

Vita vya Pili navyo vimeacha alama yake. Karibu na Shauri Moyo kuna soko la Burma. Jina hilo lililetwa na askari wa Afrika Mashariki waliopigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka wa 1944. Shauri Moyo wenyewe ulizaliwa kwa machozi. Serikali ya kikoloni ilipokivunja kijiji cha kale cha Pangani, kazi iliyomalizika mwaka wa 1939, wakazi wake walihamishiwa huko.

Turudi kwa Mbotela. Tom Mbotela alipata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU. Alipinga njia ya silaha, naye akauawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Mwaka uliofuata aliuawa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, ambaye jina lake liko Eastlands na pia katika ukumbi wa kumbukumbu mjini Kisumu. Wakoloni walikuwa na haja yao walipoyaandika majina hayo kwenye mitaa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yao yaliuzingira mji wa Nairobi, wakawatia vizuizini Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000, wengi wao kutoka mitaa hii hii. Hao hawakupewa mtaa.

Baada ya uhuru, Eastlands ilipata mtaa wa Kimathi, kwa heshima ya shujaa aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957. Leo Mbotela na Kimathi hawako mbali, na watoto wa mitaa yote miwili hukutana katika viwanja vya mpira. Je, kuna somo la historia ya taifa lililo bora kuliko hilo?

Nalisema hili sasa kwa sababu muda ni mfupi. Nyumba za kale za Eastlands zimo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Zile za Pangani ya baadaye zimekwisha kuvunjwa. Ikawa jina moja limebomolewa mara mbili. Sipingi nyumba bora. Mtu anayechota maji kwa mtungi hawezi kuambiwa ale kumbukumbu. Lakini ukuta ukianguka si lazima jina nalo lianguke, wala majengo mapya hayana sababu ya kupewa majina ya kibiashara yasiyo na maana kwa wenyeji.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji bajeti. Mpe kila mwanafunzi daftari, amwendee mzee wa mtaa wake amwulize: jina hili lilitoka wapi, na kabla yake paliitwaje?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ukoo wa Mbotela ulitokana na watumwa walioachwa huru na kuwekwa Frere Town, Mombasa. Mwaka wa 1934 James Mbotela aliiandika habari yao katika kitabu, *Uhuru wa Watumwa*, ili isipotee. Ikiwa wana wa watumwa hawakuiacha asili yao, sisi tuliozaliwa huru tuna udhuru gani?